Msimu wa Baridi Chini ya Shuka

Novemba 21

Tumefungua nyumba yetu ya wageni huku Gampe mlimani leo. Theluji ya kwanza iliwahi mno mwaka huu. Ilianguka mwisho wa Oktoba, ikafika magotini, kisha anga likatakata na baridi ikashika. Kaka yangu Korbinian amepandisha unga, viazi na mapipa ya bia kwa lifti ya mizigo, akanikuta nasugua masizi ya jiko. Akaniambia ofisi ya waongozaji imempa mwenzake mpya wa kupeleka wageni mlimani, maana Mzee Hartwig goti limemkataa.

"Katokea wapi?"

"Burgenland."

Nikadhani ananitania. Huko mashariki mwa Austria ni tambarare tupu, mizabibu hadi macho yachoke.

"Kilima chao kirefu kuliko vyote kimechimbwa na fuko," nikasema, na Korbinian akacheka hadi akakaa juu ya gunia la unga. Napenda kumchekesha kaka yangu. Kule kijijini Lahnegg wanasema ulimi wa Filomena unachuna ngozi bila kutoa damu. Wakisema hivyo hujifanya sijasikia, lakini nasikia.

Novemba 24

Zabibu amefika. Ndivyo tunavyomwita tayari. Jina lake ni Gebhard Nussbaumer, mwembamba, shingo ndefu, masikio yamesimama kama ya mtu anayedukua mlangoni. Kabla hata ya kunywa chai alichukua beleshi, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba shimo kwenye theluji hadi akafika kwenye majani, akapiga magoti na kuanza kukwangua ukuta wa shimo kwa kucha.

"Umedondosha sarafu?" Korbinian akamuuliza.

"Natazama chini kumelalaje."

"Chini kumelala majani, ndugu yangu. Yamelala tangu Septemba."

Gebhard akatabasamu, akatuonyesha kiganja. Theluji ya chini haikuwa theluji tena. Ilikuwa chembe chembe kama sukari, inamwagika kati ya vidole, haishikani hata ukiifinya. "Baridi hii ikiendelea," akasema, "chochote kitakachoanguka baadaye kitakuwa kimekalia sukari."

"Basi Mena hatakosa cha kukorogea chai," kaka akasema.

Nilicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Desemba 1

Baridi. Anga la buluu. Mgeni hakuna.

Desemba 2

Vilevile.

Desemba 6

Jana ilikuwa siku ya mashetani kule Lahnegg. Vijana huvaa ngozi za kondoo, pembe na vinyago, hupita mitaani wakichapa watu miguu kwa fito. Kila mtu huchapwa kidogo, hucheka, hunywa. Gebhard alishuka nasi kwa heshima ya mila. Korbinian alikuwa ndani ya kinyago kikubwa kuliko vyote, nilimtambua kwa viatu. Aliwaita wenzake, wakamzingira Zabibu kando ya bomba la maji mbele ya kanisa, wakamchapa vigimbi hadi suruali ikachanika. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisimama ameshika kofia yake kifuani kama mtu anayesubiri mvua ipite. Hilo likawaudhi zaidi, wakaongeza.

Leo asubuhi amepanda akichechemea, akaosha vyombo vyote bila kuombwa. Nilimpa mafuta ya kupaka. Kisha nikamwambia, "Kwenu mnakanyaga zabibu kwa miguu. Kwetu tunaikanyaga miguu ya Zabibu."

"Sasa nimeona tofauti," akasema, akaendelea kusuuza vikombe. Sikujua ni nani amemcheka mwenzake.

Desemba 19

Theluji mpya bado. Juu ya ile kuukuu kumeota manyoya ya barafu, marefu kama kidole, yanameta jua likiyapiga. Wageni wanayapiga picha. Gebhard anayatazama kama mtu aliyekuta nyoka amelala kwenye kitanda cha mtoto.

Desemba 28

Hatimaye. Siku mbili za theluji na upepo wa magharibi, na leo jua.

Mbele ya dirisha la jiko langu, ng'ambo ya kijito, kuna mteremko mpana, laini, hauna mti, una kisiwa kidogo cha miamba tu upande wa mbali. Tangu enzi za babu zetu unaitwa Shuka. Njia ya kwenda kilele cha Rotkogel inaukata katikati. Ukilikataa Shuka umekikataa kilele, utabaki kuzungukazunguka msituni na ski zako, zile mbao za kutelezea, kama mbuzi aliyepotea.

Leo Gebhard aliwafikisha wageni wake ukingoni, akachimba, akagonga, akawageuza. Wakarudi wamenuna, wakaagiza bia kabla ya saa nne. Nyuma yao Korbinian akapita na wageni wake sita, wakaenda kileleni, wakarudi wakiteremka Shuka lote kwa madoido. Hakuna kilichotikisika.

Wakati wa chakula nikamuuliza Gebhard mbele ya meza zote, "Uliona nini kwenye shimo lako?"

"Bamba la theluji limekalia manyoya, na manyoya yamekalia sukari."

"Na kaka yangu mbona amepita?"

"Amekanyaga penye unene. Bamba ni nene hapa, jembamba pale. Unaweza kupita mara nyingi sana ukikanyaga penye unene. Siku ukikanyaga penye wembamba, linakatika lote."

"Penye wembamba ni wapi?"

"Hapaonekani kwa juu."

"Aa, kumbe ni majini," Korbinian akasema. "Hawaonekani, na wanamtokea Gebhard peke yake." Meza zikacheka hadi vijiko vikalia.

Januari 4

Nimemfumia Gebhard kofia ya sufi nyeupe yenye kishungi chekundu na mdomo wa njano. Nilimkabidhi wakati wa supu, nikitoa hotuba kama diwani: tuzo ya Kuku wa Gampe, kwa kugeuza wageni mara nne bila kutaga hata yai moja. Akaivaa. Akala supu yote ameivaa. Mgeni mmoja akampiga picha, na kabla ya magodoro kutandikwa Lahnegg nzima ilikuwa nayo kwenye simu.

Korbinian akanibusu kwenye paji la uso. Hajafanya hivyo tangu mama afe.

Januari 12

Jino liliniuma, ikabidi nishuke kwa daktari. Korbinian alikuwa na wageni, kwa hiyo Gebhard akanisindikiza. Tulikuwa tunakata uwanja ulio chini ya nyumba, tambarare kama meza. Mara uwanja mzima ukatoa sauti nzito, fumf, kama mtu mnene anayejitupa kwenye kochi kuukuu. Miguu yangu ikashuka kidogo, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yetu hadi vichakani.

Nikamshika mkono. Sikukusudia.

"Tulia," akasema. "Hapa ni tambarare, theluji haina pa kwenda. Imekaa tu." Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea Shuka. "Pale ina pa kwenda."

Akachimba kidogo pembeni, akakata kibonge cha theluji kilichosimama kama sanduku, akaweka beleshi juu yake, akaligonga kwa ncha za vidole, polepole, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Gonga, gonga. Nusu ya juu ikachomoka yenyewe ikaniangukia mapajani, safi, kama droo iliyovutwa.

"Umewaonyesha watu hivi?"

"Nimewaonyesha. Kaka yako anasema hilo ni tatizo la shimo langu."

Nilitetemeka njia nzima, na si kwa baridi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ameniona nikitetemeka.

Januari 13

Leo nimemwita Kuku kila nilipompa sahani. Nilimwita mbele ya watoto wa wageni, nao wakashika, wakamfuata nyuma wakipiga mbawa. Kila nikiikumbuka ile sauti ya uwanjani natamani kumuumiza mtu, na yeye ndiye aliye karibu.

Januari 17

Taarifa ya theluji kwa redio: hatari ya maporomoko, kiwango cha tatu kati ya vitano. Nimeandika kwenye ubao wa mlangoni.

Januari 18

Tatu.

Januari 19

Tatu.

Januari 23

Tatu. Siufuti ubao tena, nauacha hivyo hivyo. Wageni wanapita mbele yake kama wanavyopita mbele ya sanamu ya Bikira pale kwenye kona. Wa kwanza walikuwa wakisimama.

Januari 30

Kundi zima kutoka mji wa Ulm limeomba kubadilishiwa mwongozaji. Wanamtaka Korbinian. Ofisi ilimpigia Gebhard simu akiwa jikoni kwangu anamenya tufaha. Nilisikia upande wake tu: "Ndiyo. Najua. Najua walilalamika. Hapana, hakuna aliyeumia." Kisha akasikiliza, akizungusha tufaha. "Ndiyo, hilo ndilo ninalosema. Hakuna aliyeumia."

Akarudi kumenya. Ganda lilikuwa halijakatika. Nikatafuta neno la kumchoma nikalipata, ila kwa mara ya kwanza nikalimeza. Halikuwa na ladha nzuri.

Februari 9

Bwana Ingomar na mkewe Dorle wamefika kutoka Munich. Huja kila mwaka. Ingomar ni daktari wa meno, anacheka akionyesha yote aliyonayo. Dorle ni mfupi, mpole, huniletea soksi za sufi na kuzikataa shukrani zangu. Korbinian amejaa wageni, kwa hiyo wamepewa Gebhard.

"Huyu ndiye yule kuku wa kwenye simu?" Ingomar akaniuliza mbele yake.

"Ndiye," nikasema. "Ila hatuli nyama yake, ni ngumu."

Dorle hakucheka. Alikuja jikoni baadaye akachukua kisu na viazi. "Mena," akasema, "mnamwonea yule."

"Tunamtania."

"Yeye anajua kuwa ni utani?"

Nikamwambia viazi vinatosha.

Februari 12

Dhoruba. Kiwango cha nne. Nimefuta ubao.

Februari 13

Dhoruba. Hakuna anayetoka. Ingomar anacheza karata na kuhesabu kwa sauti likizo inavyokwisha. Jana usiku upepo umeng'oa bomba la moshi, jiko limejaa masizi, supu ya shayiri ina ladha ya majivu na wote wameinywa.

Februari 14

Inapungua. Gebhard amekwenda hadi ukingoni mwa Shuka na kurudi. Akamwambia Ingomar, mbele yangu, neno kwa neno: "Kesho Shuka halipitiki. Nitawapeleka msituni, kuna theluji nzuri chini ya miti." Ingomar akamtazama kama anavyotazama jino la kung'oa.

Februari 16

Naandika ya jana.

Asubuhi ilikuwa nzuri vibaya sana. Hakuna upepo, hakuna wingu. Redio ikasema tatu, nikaandika tatu, na Ingomar akaja akasimama mbele ya ubao na kikombe chake. "Imeshuka," akasema. Korbinian alikuwa ameondoka mapema na wageni wake. Kutoka dirishani tuliona alama za ski zao zinalikata Shuka kutoka upande hadi upande, nzuri, sawa kama mishono.

"Tazama," Ingomar akamwambia Gebhard. "Wamepita. Wote."

"Nimeona."

"Nimekuja hapa kila mwaka kwa ajili ya kile kilele. Kesho naondoka. Nilikodi mwongozaji, sikukodi yaya."

"Tutakwenda msituni," Gebhard akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilikuwa bado yake.

Nilikuwa nawamiminia kahawa. Watu wote mezani walikuwa wakisikiliza, na mimi chumba kikinisikiliza siwezi kunyamaza, ndivyo nilivyo. Nikasema, "Nendeni msituni, Gebhard. Nitawafungia na uji wa watoto, mkichoka mkae chini ya mti mle."

Walicheka. Ingomar alipiga meza kwa kiganja.

Dorle akamwekea Gebhard mkono begani. "Si lazima, Gebhard," akasema. "Kwa ajili yangu si lazima. Mimi msituni pananitosha kabisa."

Gebhard akaweka kikombe chini. Akatazama dirishani, zile alama. Akasema, "Haya. Tutapita Shuka. Mmoja mmoja, na nafasi kubwa katikati."

Chumba kikashangilia. Hata mimi. Dorle alikuwa wa mwisho kutoka, alirudi mara mbili, kwanza kwa glavu, kisha sijui kwa nini, akasimama tu hapo mlangoni akitazama kiti chake.

Niliwaona kutoka dirishani nikikausha vyombo. Gebhard alipita kwanza, polepole, hadi kwenye kisiwa cha miamba. Akainua mkono. Ingomar akapita, akafika. Mkono tena. Dorle akaanza. Alikuwa katikati, doa la buluu, akikanyaga walipokanyaga wenzake, kwenye alama zile zile, nilimwona akizifuata kwa uangalifu kama mtoto anayefuata mistari ya daftari. Kisha juu yake, mbali sana juu, pakachorwa mstari. Sikusikia kitu. Mstari tu, mweusi, kutoka upande hadi upande. Shuka lote likavunjika vipande kama sahani na likaanza kushuka, na zile alama nzuri za kaka yangu zikashuka nalo.

Nilivaa viatu nikachukua beleshi nikakimbia. Wageni wawili wakanifuata. Tulipovuka kijito Gebhard alikuwa tayari chini, kifaa cha kutafutia waliofukiwa mkononi, kinalia, anakimbia kwenye vibonge vya theluji, anaanguka, anainuka. Ingomar alikuwa bado juu kwenye miamba akiita jina la mkewe. Kile kifaa kinanasa mawimbi ya kile alichovaa Dorle, kinaonyesha namba, na namba ikipungua umekaribia. Gebhard alikuwa akizitamka kwa sauti, bila kutetemeka, kama anayesoma somo kanisani. Akapiga magoti. Akaunganisha vipande vya ufito mrefu wa kutafutia, akauchoma chini, akauchomoa, akauchoma tena, na safari ya tatu haukuzama hadi mwisho. Kuna kitu laini kiliuzuia.

"Hapa," akasema. "Msichimbe kwa juu. Anzieni chini, mkate kuingia."

Theluji ya poromoko si theluji. Ikisimama inakuwa saruji. Beleshi linadunda. Tulichimba kwa zamu, mimi, wageni, Gebhard ambaye hakukubali zamu. Ingomar alipofika alichimba kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Tulikuta ski moja. Tukakuta mguu, tukaufuata. Alikuwa ndani sana, kuliko urefu wangu.

Uso wake ulikuwa mzima. Mbele ya mdomo palikuwa na kikombe kidogo cha barafu, laini, kimeng'aa kwa ndani. Sikujua ni nini. Gebhard alijua, akageuka upande. Ni pumzi yake mwenyewe, iliyoyeyusha theluji na kuganda tena, ikamfungia. Alikuwa akipumua wakati sisi tunachimba. Kwa muda gani, hilo hakuna aliyelisema.

Walimkandamiza kifua hadi helikopta ikaja, na baada ya kuja. Kisha daktari wa helikopta akavua glavu.

Ingomar akasimama mbele ya Gebhard. Hakupiga kelele. "Ulijua," akasema. "Jana ulisema mwenyewe. Halipitiki. Ulijua ukatupeleka."

"Ndiyo," Gebhard akasema.

Februari 17

Polisi amepanda, kijana wa Lahnegg, tulisoma na dada yake. Nilimweleza yote, na uji nikautaja. Akaacha kuandika.

"Mena, huo ni utani."

"Uandike."

"Niuandike wapi? Hakuna mahali pa utani." Akafunga kalamu. "Mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho. Na alilisema yeye."

Februari 20

Ingomar ametuma mtu kuchukua vitu vya Dorle. Nilikunja soksi zake. Kwenye gazeti la bonde amesema yeye alipendekeza warudi, na mwongozaji akakataa.

Februari 24

Nilishuka Lahnegg kununua gesi, nikaingia baa ya njia panda wanakoiuza. Korbinian alikuwa amesimama kwenye kaunta, ana wasikilizaji wake. Anasema Zabibu alikata chini mno. Anasema mwenye jicho la mlima angepanda hatua chache juu. Anasema yeye ndiye aliyesimamia uokoaji, ilhali siku ile alifika tukiwa tumeshamfunika marehemu. Wale wale waliochapa vigimbi wanatikisa vichwa: tulisema tangu mwanzo, huyu hana hofu ya mlima, mtu wa tambarare hajui kuogopa. Wamesema hivyo. Kuogopa.

"Alipita ulipopita wewe," nikamwambia kaka yangu. "Alama zako ndizo zilizomwonyesha. Ulikanyaga penye unene, basi. Hujui zaidi ya hapo, na hujawahi kujua."

Nilikuwa nimempata penyewe, niliona shingo yake ikibadilika rangi. Akanywa bia yake yote kwanza.

"Na mdomo wako je, Mena?" akasema, taratibu, kama ndugu. "Wageni wameniambia ulivyowamiminia kahawa."

Hakuna aliyecheka. Nililipa gesi nikatoka.

Machi 5

Kaka hali tena jikoni. Anaacha sahani yake mlangoni.

Machi 6

Theluji kidogo. Mbili.

Machi 19

Wageni wamejaa. Wanataka kuonyeshwa poromoko lilikotokea. Dirisha la jiko nimelitundikia taulo, lakini wananiomba nilitoe.

Aprili 8

Mchana Shuka linadondosha vibonge vya maji, majani ya mwaka jana yameanza kuonekana. Kesi ya Gebhard itasikilizwa majira ya joto. Hakusubiri. Amerudisha leseni yake ofisini, na leo nimesikia anafungasha.

Aprili 10

Nilimkuta kijijini, kwenye chumba alichopanga juu ya duka la mikate. Begi limefunguliwa kitandani. Amekonda, ingawa hakuwa na cha kupunguza. Akanipa kiti, yeye akakaa juu ya sanduku.

"Nimekuja kukuambia kwamba ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Asubuhi ile. Ule uji."

Alinitazama kwa muda, akitafuta. Niliona anatafuta kweli.

"Ulisema kitu kuhusu uji?"

"Uji wa watoto. Wote walicheka."

"Sikumbuki." Akasema bila ubaya, kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua. "Mena, ninyi niliwazoea. Kuanzia Desemba nilikuwa nawasikia kama redio ya jirani. Wewe, kaka yako, Ingomar. Ningewageuza siku ile kama nilivyowageuza siku zote, na nyinyi mngecheka, na ningelala."

"Basi nini?"

Akaanza kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Aliniwekea mkono begani. Dorle. Akasema kwa ajili yake si lazima." Akalikunjua shati. "Alinihurumia. Msimu mzima hakuna aliyenihurumia, kisha yeye akanihurumia, mbele ya watu. Hilo ndilo nililoshindwa kulibeba. Nikataka aone kwamba sihitaji."

Chini, mashine ya kukandia unga ilikuwa ikizunguka. Nilikuja na mzigo wangu nimeubeba wiki zote hizo, nao haukuwa na mwenyewe.

"Usimwambie mumewe," akasema. "Mimi niko tayari kwa kesi. Lakini hilo usimwambie mtu."

Alinisindikiza hadi ngazini. Hakunipa mkono, nami sikuuomba.

Aprili 27

Tumefunga nyumba. Korbinian ameshusha mapipa matupu peke yake. Hakuaga.

Mei 11

Ingomar amenipigia simu nyumbani. Sikuitambua sauti, ile ya kucheka imekwisha. Hakuuliza habari za kesi wala za Gebhard. Alizunguka sana, akaniuliza kama mvua zimeanza, kama lifti ya mizigo imetengenezwa. Kisha akasema, "Mena, ulikuwepo. Alitaka kwenda? Maana mimi sikumtazama. Nilikuwa nje tayari, nafunga ski. Asubuhi ile sikumtazama hata mara moja."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, kiti, glavu, mlango, alivyosimama. Na yeye amemsingizia mtu gazetini. Sijawahi kushika kisu kikali kuliko kile.

"Alitaka," nikamwambia. "Alikuwa na furaha. Alitoka mbio kukufuata."

Nikamsikia akipumua. Akanishukuru, akashindwa kumaliza, akakata. Nikarudi kwenye sinki kumenya viazi.